Pesa ya kujenga ipo, ya kufagia ndo hamna: jibu kwa mama anayeulizia senta ya mtaa wao

Swali hili limetoka kwa mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Uvira, anaishi mji mdogo kaskazini ya Uingereza upande wa Lancashire. Nimelifupisha tu, maneno ni yake (kaunsili ni halmashauri ya mji):

"Tunakutanika kwenye senta ya mtaa wetu tangu tulifika hapa. Kwaya ni pale, darasa ya Kiingereza ni pale, na mtu akikufa ni pale tunakalia matanga. Sasa kaunsili wanasema hawana tena pesa, wataifunga mwezi wa tatu, ao tuichukue sisi wenyewe bila kulipa. Wengine kati yetu wanafurahi, wanasema ni zawadi ya Mungu. Mimi naogopa. Hii nyumba iko na faida gani ya kweli, na pesa ya kuiendesha itatoka wapi? Na tukiichukua, matanga tunaweza kesha mpaka asubuhi?"

Shikamoo mama. Najua kwenu Uvira hii salamu haina nguvu kama kwetu, ila mimi mtu wa Tanga siwezi kuanza kumjibu mtu mzima hivi hivi.

Jibu fupi kwanza alafu ntaeleza. Msiikatae, na msiipokee kama walivyoileta. Hao wanaosema zawadi ya Mungu waambie polepole kwamba mtu akikupa ng'ombe bure unamuuliza huyo ng'ombe anakula nini na mara ya mwisho alikohoa lini. Mimi hizi senta ndo kazi yangu, mwaka wa kumi na tatu huu, nakaa Bradford nazunguka Keighley, Burnley, Rochdale mpaka Hull, nakagua hesabu za majengo ya jamii na kuwasaidia watu waombe hela, na nilichojifunza ni kwamba pesa ya kujenga inapatikana, pesa ya kufagia ndo hamna. Yani ukitaka paa jipya au jiko jipya wapo watu watakupa hela na watakuja na kupiga picha, ila ukisema nataka hela ya kumlipa anayefungua mlango saa mbili asubuhi na kuwasha hita wazee wasikute baridi, wanakuangalia tu. Na huyo anayefungua mlango ndo senta yenyewe, matofali ni matofali.

Umeuliza faida ya kweli. Ngoja nikwambie Jumanne moja mwaka jana nilivyokaa kutwa nzima kwenye senta ya mji mmoja wa viwanda vya zamani vya pamba, nimeshika daftari la bukingi nataka kujua jengo linatumikaje. Saa tatu wakaja wamama wadogo na vichanga vyao, saa tano nesi anapima presha kwenye kile chumba kidogo cha pembeni, saa sita chakula cha wazee, pai ya nyama na viazi na njegere zile za kupondwa, mzee wa Kizungu na mzee wa Kipakistani meza moja mana walifanya zamu ya usiku kiwanda kimoja miaka ya sabini. Saa nane darasa la Kiingereza, jioni vijana wa ndondi. Sasa hapo jikoni kila mzee ana kikombe chake, vinaning'inia kwenye misumari ukutani, na keateka, yani mtunza jengo, mama mmoja wa makamo hivi, wakati anamimina chai akaona kikombe kimoja bado kiko ukutani. Akaacha birika akaenda kupiga simu. Yule mzee hakuwa mgonjwa, mita yake ya gesi ya kadi iliisha salio tangu Jumapili, amelala na koti siku mbili hana wa kumwambia. Ndani ya nusu saa mtu wa ushauri wa madeni aliyekuwa kwenye ofisi ya juu kashuka kumshughulikia.

Hiyo simu haipo kwenye ripoti yoyote. Kaunsili ikipima senta inahesabu vichwa vilivyopita mlangoni na saa zilizokodiwa, hospitali nayo haijui kwamba kuna mtu hakufika kwao na nimonia kwa sababu ya kikombe kwenye msumari. Faida inaangukia mfuko mmoja na bili inalipwa na mfuko mwingine, ndo mana ni rahisi sana kuzifunga. Baridi ya 2022 kuingia 2023 bei ya gesi ilipopanda hizi senta ziligeuka sehemu za kuotea moto nchi nzima, watu wanakuja kukaa tu na kikombe cha chai wasiwashe hita nyumbani, na senta zenyewe bili zao zimepanda vile vile.

Na nyinyi Wakongo hamhitaji kuhadithiwa. Waliokuja na ule mpango wa serikali wa kuleta wakimbizi, Gateway, ulioanza 2004, wakapelekwa Sheffield, Bolton, Hull, wengi wanakwambia ukumbi wa mtaa ndo sehemu ya kwanza walipokaa na mzungu bila dawati katikati.

Kuna jambo lingine nataka mlijue kabla hamjaenda kukaa na hao wa kaunsili, mana litawapa mgongo. Watu wanaongea kama vile majengo haya ni hisani ya serikali kwa maskini. Kwa miji ya kaskazini siyo hivyo kabisa. Rochdale mwaka 1844 watu 28, wengi mafundi na wafumaji, walichanga wakafungua duka lao la ushirika pale Toad Lane, na vyama vya ushirika vilivyofuata vikajenga madarasa, maktaba na kumbi. Kwenye makaa ya mawe, sheria ya 1920 iliweka mfuko wa ustawi wa wachimbaji, senti moja ya Kiingereza kwa kila tani ya mkaa inayotoka chini, na kwa hela hiyo vikajengwa kumbi, viwanja, bafu za migodini, kuanzia Durham mpaka Yorkshire. Mgomo wa 1984 mpaka 1985 ulipokuja, miji kama Easington Colliery wanawake walipikia watu kwenye kumbi hizo hizo. Mgodi wa Easington ukafungwa 1993, watu wamebaki, ukumbi umebaki, ila ile senti ya kila tani haipo tena. Ukitaka kujua kwa nini senta za kaskazini zina njaa anzia hapo: zilijengwa na mishahara ya viwanda na migodi, viwanda vikaondoka, kaunsili ikabeba, sasa na kaunsili imechoka. Ni michango kama michango yetu tu mama, kama likilemba lenu au upatu wetu. Hata sisi Dar pale Mnazi Mmoja tuna ukumbi wa Anatoglo, tajiri wa Kigiriki aliutoa, na TANU wakaja kufanyia mikutano yao humo. Aliyeutoa ukumbi siye anayepanga nini kitatokea ndani.

Sasa kwa nini kaunsili hawana hela, mana wengi wanadhani wanaringa tu. Kaunsili ya Uingereza inakula sehemu tatu, ruzuku ya serikali kuu, kodi ya majumba, na kodi ya majengo ya biashara. Baada ya 2010 ruzuku ilikatwa sana, na miji maskini ndo iliyoumia mana ndo iliyokuwa inaitegemea zaidi. Alafu kodi ya majumba inapangwa kwa madaraja ya thamani ya nyumba ya mwaka 1991, daraja la chini kabisa ni nyumba iliyokuwa haizidi paundi 40,000 wakati huo, na hizo nyumba zilizoungana mistari mistari za Lancashire mashariki nyingi ziko humo. Kwa hiyo asilimia ileile ya ongezeko ikipandishwa kwenu na ikipandishwa mji wa matajiri kusini, kwenu inaingia hela kidogo. Na hicho kidogo sheria inawalazimisha kuwatunza kwanza wazee wasiojiweza na watoto walio hatarini, senta ya mtaa hakuna sheria inayowalazimisha. Yule ofisa aliyewaandikia barua huenda hata yeye roho inamuuma, msimgombeze, mtamhitaji.

Haya, twende kwenye karatasi. "Bila kulipa" maana yake siyo kwamba mnapewa jengo. Karibu kila mara ni mkataba wa pango, kodi ya mwaka labda paundi moja, lakini ndani kuna kifungu kinasema mpangaji atatengeneza kila kitu na kukata bima ya kila kitu, paa, boila, mabomba, lami ya nje, kila kitu. Hapo ndo penye mwiba. Jengo ambalo kaunsili yenye mainjinia imeshindwa kulitunza linahamia kwa kwaya.

Mimi hili lilinikuta. Senta moja siitaji, niliingia utrasti, yani udhamini wa jengo, bado mgeni kwenye mambo haya, tukasaini kwa furaha kama hao wenzako, hatukuleta saveya, mtaalamu wa kukagua majengo, mana tuliona paundi elfu moja na kitu ni hela nyingi. Jengo la miaka ya sitini, paa bapa la lami. Baridi ya kwanza tukaweka ndoo tatu kwenye korido. Baridi ya pili boila likafa wiki ya kwanza ya Januari, fundi akaja akafungua, akafunga, akasema hiki kifaa hakitengenezwi tena. Tukafunga wiki tano. Hela ya boila jipya tuliipata mwishowe, ndo nakwambia ya vitu inapatikana, lakini wale wazee wa Jumatano walikuwa ishirini na kitu na tulipofungua wakarudi tisa. Wengine walishazoea kukaa ndani, wawili walikuwa wameshakufa. Hilo mpaka leo nikilikumbuka nakosa raha.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, muwe na ripoti ya saveya wenu siyo wa kwao, na muulize kwa maandishi kuhusu asbesto, zile nyuzi za kujengea zinazodhuru mapafu, mana jengo lolote la kabla ya mwaka 2000 linaweza kuwa nayo na sheria inamtaka anayesimamia jengo ajue iko wapi na aidhibiti. Ombeni bili za gesi na umeme za miaka mitatu. Ombeni orodha ya hali ya jengo yenye picha iambatanishwe kwenye mkataba, iandikwe kwamba hamtadaiwa kulirudisha likiwa zuri kuliko mlivyolikuta, hii watu wengi hawaijui na ndo inayookoa. Ombeni kifungu cha kujitoa, mwaka wa tatu na wa tano, kwamba mkishindwa mnarudisha funguo bila kufilisiwa. Na muda uwe mrefu, miaka 25 kwenda juu, mana wafadhili wa majengo wengi hawaweki hela kwenye mkataba mfupi, ukipewa miaka saba ni kama umepewa kazi ya kulinda tu. Ofisa akisema hawaruhusiwi kutoa jengo chini ya bei ya soko, mjibu kwa upole kwamba ipo ruhusa ya jumla ya serikali tangu 2003, kaunsili za Uingereza zinaweza kutoa kwa punguzo lisilozidi paundi milioni 2 kama inaleta faida kwa watu wa eneo. Wanaijua sana, wanawapima tu.

Na wakati mnaongea waombeni hela ya mwanzo, siyo ombaomba, ni hesabu. Wakifunga senta lile jengo bado wanalilipia, walinzi, bima, mbao za madirishani. Waambie hiyo hela ya kulinda jengo tupu ya miaka miwili watupe sisi tuanzie. Nimeona kaunsili zinakubali, siyo zote.

Tufanye hesabu sasa. Huu ni mfano wangu, mtaweka tarakimu zenu. Keateka wa saa 20 kwa wiki, kwa kima cha chini cha 2025/26 cha paundi 12.21, mwaka mzima ni kama 12,700. Gesi na umeme weka 9,000. Bima 2,500. Ukaguzi wa moto, boila, nyaya na mambo hayo 2,000. Usafi na karatasi za chooni 1,500. Akiba ya matengenezo 5,000, na hii akiba msiithubutu kuifuta, kila senta niliyoiona inakufa ilianza kwa kufuta hii. Jumla 32,700. Mkikodisha ukumbi paundi 15 kwa saa, wiki 48, mnahitaji saa 45 na kidogo kila wiki zilizolipiwa, siyo zilizoandikwa kwenye daftari, zilizolipiwa. Nyinyi mkiwa na kwaya na ibada na sherehe za Jumamosi labda mna saa 12. Wikiendi haibebi jengo mama. Jengo linabebwa na Jumatatu mpaka Ijumaa mchana, chekechea inayolipa kodi kila mwezi, chama kinachopangisha ofisi ya juu, darasa la chuo, kliniki. Mpate mpangaji mmoja wa kudumu kabla hamjasaini, hata kwa barua tu ya kusema nia yake.

Ndo mana nasema msiende kama senta ya Wakongo. Siyo kwamba ni aibu, ila hesabu haitoki, alafu na siasa za huku nazo unazijua. Nendeni na wale mabibi wa Kizungu wa bingo, na wale wa chakula cha wazee, na yule kocha wa ndondi. Kamati iwe na sura za mtaa mzima. Mnaweza kukuta yule bibi wa bingo alikuwa mhasibu wa kiwanda miaka thelathini na anatafuta tu mtu wa kumuomba.

Hela za kuanzia. Awards for All ya bahati nasibu ya taifa inatoa mpaka paundi 20,000 kwa muda wa hadi miaka miwili, fomu yake siyo ngumu, hiyo ombeni kwa jina la shughuli siyo la jengo, yani madarasa, wazee, watoto, na ndani ya bajeti mnaweka sehemu ya keateka na gesi. Wanaruhusu gharama za uendeshaji zinazoendana na shughuli na watu wengi hawaombi kwa woga. Kubwa yake ni Reaching Communities, juu ya 20,000, mpaka miaka mitano, ila hiyo subirini muwe na mwaka mmoja wa hesabu safi. Kuna hela za dampo pia, watu wanacheka nikisema hivi, kampuni zenye madampo zinaruhusiwa kupeleka sehemu ya kodi yao ya taka kwenye miradi ya jamii iliyo karibu na dampo, FCC Communities Foundation kwa mfano wanatoa sana kwa kumbi, ni kuangalia tu kama postikodi yenu iko ndani. Kama mji wenu ulikuwa wa makaa kuna Coalfields Regeneration Trust. Matajiri wa zamani walioacha mifuko, Garfield Weston, Bernard Sunley, hao wanapenda majengo. Na mfuko wa jamii wa eneo lenu.

Ile Community Ownership Fund ya serikali, paundi milioni 150, iliyoanza 2021, watu bado wananiulizia, hiyo ilifungwa Desemba 2024, msipoteze usiku kuitafuta. Kilichopo sasa ni ule mpango wa mitaa wa paundi milioni 20 kwa miaka 10 kwa kila eneo lililochaguliwa, mwanzo ulikuwa wa miji 75, Burnley, Farnworth na Hartlepool wamo, alafu Septemba 2025 wakaongeza maeneo mengine kwa jina la Pride in Place. Kama mtaa wenu umo, kuna bodi ya watu wa mtaa inayopanga hela, na mimi ningependa zaidi mpate kiti kimoja kwenye hiyo bodi kuliko mjaze fomu kumi. Muulizeni diwani wenu leo leo, ni simu moja. Maoni yangu lakini, serikali zote mbili zilizopita hapa karibuni zinapenda kugawa hela kwa mashindano na kwa mafungu, mwaka huu jina hili mwakani jina lile, na senta haipumui kwa mafungu. Ile Big Local ya 2012 ilinifurahisha kwa hilo, maeneo 150, angalau paundi milioni moja kila moja, mkaamua wenyewe mtaitumiaje na muda wa miaka zaidi ya kumi. Watu walikosea, wakajifunza, na hela ilikuwa bado ipo.

Mkiwa chariti iliyosajiliwa mnapata unafuu wa asilimia 80 ya kodi ya majengo ya biashara kwa sheria, na hiyo 20 iliyobaki kaunsili inaweza kuwasamehe ikitaka, hiyo nayo iwekeni kwenye mazungumzo. Sajilini ile aina ya chariti inayosimama kama mtu mwenyewe, wanaiita CIO (Charitable Incorporated Organisation), mana mkibaki kikundi tu mkasaini mkataba, deni la paa ni lako wewe na mumeo na nyumba yenu. Hili sitanii. Gift Aid, kila paundi anayotoa mlipa kodi serikali inaongeza peni 25, na kikapu cha Jumapili cha sarafu nacho kina mpango wake wa sadaka ndogo, kwa sadaka za mpaka paundi 8,000 kwa mwaka, hamna haja ya majina, ila lazima muwe mnadai Gift Aid ya kawaida pia. Makanisa yetu mengi huku yanaziacha hizo hela mezani kila mwaka. Na gesi, kama angalau asilimia 60 ya matumizi ni ya kichariti yasiyo ya biashara VAT inashuka kutoka 20 mpaka 5, ila kukodisha ukumbi wanakuhesabu kama biashara, kwa hiyo hapo kaeni na mhasibu kabla ya kujaza ile fomu.

Mkitaka kuchangisha mtaani kuna hisa za jamii, mnasajili chama cha manufaa ya jamii chini ya sheria ya 2014, watu wananunua hisa za paundi hamsini, mia, na mwenye hisa za elfu tano na mwenye za hamsini kila mmoja kura moja. Ni kama kikoba kilichovaa suti. Tofauti ni kwamba hela yako unaweza kuchelewa kuitoa au kuikosa, waelezeni watu wazi wazi, msiwafanye wazee wenu waweke hela ya arusi humo.

Kitu cha kufanya wiki hii hata kama hamjaamua. Iombeeni senta isajiliwe kama mali yenye thamani kwa jamii, sheria ya 2011. Ikishasajiliwa inakaa miaka mitano, na mwenye jengo akitaka kuliuza mna wiki sita za kusema tunalitaka na mkisema hivyo linasimama mpaka miezi sita mtafute hela. Haimlazimishi awauzie nyinyi, inawapa muda tu. Julai 2025 ulipelekwa bungeni muswada wa kuigeuza iwe haki ya kununua kwanza, ulizeni umefikia wapi, ila nyie tumieni iliyopo. Kikundi kisichosajiliwa kinahitaji wanachama 21 walio kwenye daftari la wapiga kura la eneo, na hapa wengi wenu mnakwama: Kongo haimo Jumuiya ya Madola, kwa hiyo Mkongo ambaye hajapata uraia wa huku hayumo kwenye daftari, wakati Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda mwenye kibali anaandikishwa. Hesabuni vizuri nani ana pasi ya Uingereza, jazieni na mabibi wa bingo, msije mkapeleka majina 40 yakahesabika 9. Nimeona hilo likitokea na barua ya kukataa ilikuwa na mistari miwili tu.

Mwezi wa tatu ni karibu, huwezi kumaliza yote haya. Msikimbizwe. Waombeni kibali kifupi cha kuendesha senta miezi 12 kwa majaribio, jengo bado la kwao, paa bado la kwao, nyinyi mnashika funguo na daftari na mnakusanya kodi. Mwaka ukiisha mtakuwa na tarakimu za kweli, na kama saa 45 hazijafika mtakuwa mmejua bila kufilisika. Wakikataa hilo pia, yani wanataka msaini ule mkataba wa kila kitu ndani ya wiki sita bila ripoti ya saveya, mimi ningewaambia wafunge wao, alafu mkae kwenye ukumbi wa kanisa la jirani mkiendelea kugombea. Najua ni neno gumu.

Na la matanga. Mkiwa nyinyi ndo wenye kuendesha, kukesha inawezekana kama mkataba hauna saa ya kufunga na bima imeambiwa, watu wengi wanasahau bima. Kama pombe haiuzwi na chai na chakula mnagawa bure, leseni siyo shida kubwa, shida ni majirani na idadi ya watu iliyoandikwa na mkaguzi wa moto, na matanga yetu yanavyojaza unajua. Mkitaka kuuza bia mtahitaji ilani ya muda ya kaunsili (Temporary Event Notice), paundi 21, chini ya watu 500, ila inatakiwa siku 10 za kazi kabla, ya kuchelewa siku 5, na mtu hafi kwa ratiba, kwa hiyo matanga yasiwe na mauzo basi. Zile nyumba mbili za nyuma, zinazotazamana na mlango wa jikoni, nendeni mkazisalimie sasa hivi na sahani ya sambusa, kabla hajafa mtu. Na keateka akikesha naye anaandikiwa masaa yake.